Mfuko Umeondoka, Plastiki Imebaki

Ukienda kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, kununua soda ya chupa ya kioo, utaulizwa kwanza: chupa unayo? Kama huna, utainywea hapo hapo kibarazani, au utaacha pesa ya chupa na kurudishiwa siku ukiileta. Kreti imeegemea ukuta, na tundu moja likibaki tupu mwenye duka anajua ni hasara yake. Juu ya kreti hiyo hiyo imewekwa katoni ya maji ya chupa za plastiki, na hizo hakuna anayeuliza zitaishia wapi. Mteja akishakunywa, chupa inakwenda popote: mtaroni, kwenye kiroba cha muokota makopo, au Mto Msimbazi mvua ikishanyesha. Tofauti ya chupa hizi mbili haitokani na ustaarabu wa mnywaji, maana mara nyingi mnywaji ni yule yule. Imeamuliwa kiwandani, kabla chupa haijajazwa. Moja ilitengenezwa ikiwa na mwenyewe anayeidai, nyingine ilitengenezwa ili isidaiwe na mtu. Mikakati yote ambayo dunia imejaribu kumaliza uchafuzi wa plastiki inaweza kupimwa kwa swali la Mangi: baada ya matumizi, kitu hiki kinadaiwa na nani? Pale sheria ilipomtaja mdaiwa mapema, mambo yamekwenda. Pale ilipomwachia mfagiaji wa mwisho, plastiki imeshinda.

Ukubwa wa jambo lenyewe hauna ubishi. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilikadiria kwamba mwaka 2019 dunia ilitumia tani milioni 460 za plastiki, karibu mara mbili ya kiasi cha mwaka 2000. Taka za plastiki za mwaka huo zilifika tani milioni 353. Kati ya hizo, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Asilimia 19 zilichomwa, karibu nusu zilifukiwa kwenye madampo yanayosimamiwa, na asilimia 22 zilimponyoka kila mtu: zilichomwa uani, zilitupwa makorongoni, zilifika baharini. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 ulipiga hesabu ya muda mrefu zaidi. Tangu plastiki ianze kuzalishwa kwa wingi hadi mwaka 2015, dunia ilikuwa imetengeneza tani bilioni 8.3, na kati ya taka zote zilizokwisha kutokea, asilimia 9 tu ndizo zilizowahi kurejelezwa. Katika kipindi hicho serikali hazikulala. Kufikia Julai 2018, kwa hesabu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, nchi 127 zilikuwa zimetunga sheria ya namna fulani juu ya mifuko ya plastiki. Sheria ziliongezeka na plastiki ikaongezeka pamoja nazo. Basi kuhesabu sheria zilizopo hakutoshi. Inabidi kutazama kila sheria imemkamata nani, na imemkamata katika hatua gani ya safari ya plastiki.

Hakuna mahali pazuri pa kuanzia kuliko Afrika Mashariki, kwa sababu hapa marufuku ya mfuko ilijaribiwa kwa ukali kuliko sehemu nyingi za dunia. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Rwanda ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008, na tangu hapo abiria wanaotua Kigali wamezoea kunyang'anywa mifuko yao uwanjani. Kenya, baada ya majaribio ya 2007 na 2011 kuishia njiani, ilianza kutekeleza marufuku yake tarehe 28 Agosti 2017, ikiwa na faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tanzania Bara ikafunga mlango tarehe 1 Juni 2019. Wenye viwanda wa Kenya walionya kwamba ajira zipatazo 60,000 zingepotea, na ni kweli kwamba viwanda vya mifuko vilifungwa au vikabadilisha kazi. Lakini biashara ya kubeba vitu haikufa. Vikapu vya ukindu vilirudi sokoni, washonaji wakapata kazi, na jina jipya likaingia midomoni mwa watu: mifuko mbadala. Anayekumbuka miti ya miiba kandokando ya barabara kuu ilivyokuwa imevaa nailoni kama maua anajua kwamba kitu fulani kilibadilika, na kilibadilika kwa haraka ambayo kampeni za usafi za miaka mingi hazikuweza kuifikia. Sheria ilifanya kazi kwa sababu haikumsubiri mnunuzi ajirekebishe. Ilimfuata mtengenezaji, muagizaji na muuzaji.

Hata hivyo, jaribio hilo hilo lilionyesha pia mahali ambapo mkono wa nchi moja unafika mwisho. Kwanza, sheria hukamata kile ilichokitaja kwa jina. Mfuko wa kubebea ulipokatazwa Tanzania, vifungashio vyepesi, vile vilivyoruhusiwa kwa kufungia karanga, mkate na ubuyu, vilianza kutumika kama vibebeo, na mwaka 2021 serikali ikalazimika kutoa katazo jingine. Kenya nayo ilipata mifuko laini iliyofanana na kitambaa, ikauzwa kama mbadala hadi mamlaka ya mazingira, NEMA, ilipoikataza mwaka 2019, kwa sababu malighafi yake ilikuwa plastiki ile ile na haikudumu. Pili, mpaka una vichochoro. Uganda ilitangaza kupambana na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, mwaka 2009 lakini utekelezaji ukayumba mwaka hadi mwaka, na mifuko iliyokatazwa Kenya ikawa inapenyezwa kupitia mji wa mpakani wa Busia. Bunge la Afrika Mashariki limeujadili muswada wa pamoja wa kudhibiti polithini kwa miaka mingi, huku kila nchi ikibaki na sheria yake. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, mfuko ni tawi tu. Punje za resini, zile zinazoyeyushwa kuwa chupa, ndoo, vifungashio na mifuko, huletwa kwa makontena hadi Mombasa na Dar es Salaam, na bei yake hupangwa kwingine. Nchi isiyozalisha malighafi inaweza kukataza umbo moja baada ya jingine, na kila umbo likikatazwa punje hizo hizo zinageuzwa umbo jipya.

Mkakati wa pili ambao dunia imeuegemea ni kushughulikia taka zenyewe: zoa, tenganisha, rejeleza. Mkakati huu hupendwa na kila mtu kwa kuwa haumkwazi yeyote. Ubaya wake unaonekana ukimtazama kwa karibu muokota makopo akiwa kazini. Anapita kwenye lundo na mkono wake unachagua kwa kasi. Chupa ya maji anaichukua, ndoo iliyopasuka anaichukua, dumu la mafuta ya kula analichukua kwa furaha. Pakiti ya bisi hawezi kuitazama mara mbili. Pakiti ndogo ya sabuni ya unga anaikanyaga. Pampasi anairuka. Hajasomea sayansi ya polima, lakini anajua kitu ambacho ripoti nyingi hukizunguka: kuna plastiki yenye bei na kuna plastiki isiyo na bei, na hiyo isiyo na bei imetengenezwa kwa tabaka za vitu tofauti vilivyogandishwa pamoja, kiasi kwamba kuzitenganisha kunagharimu zaidi ya kununua malighafi mpya. Hata hiyo yenye bei hutegemea soko la mafuta. Bei ya mafuta ikishuka, resini mpya inakuwa rahisi, kiwanda cha kurejeleza kinapunguza malipo, na makopo yanabaki mtaroni. Kumlaumu mwananchi kwa sababu hatenganishi taka, wakati sehemu kubwa ya taka hizo haina anayeinunua, ni kumtwisha mzigo ambao mwenye mzigo ameukimbia.

Pale Lamu mafundi walijenga jahazi la mita 9, Flipflopi, kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa vipande vya ndala, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ni kazi ya ufundi wa kujivunia, na waliolijenga walisema wazi kwamba lilikuwa sauti ya kuwaamsha watu. Tatizo huanza pale watunga sera wanapoichukulia ishara kama hiyo kuwa ndiyo jibu. Tani 10 mbele ya tani milioni 353 ni hesabu ambayo haihitaji kikokotoo. Mabaharia wana neno kufua maji, yaani kuyachota maji yaliyoingia chomboni na kuyamwaga nje. Kufua maji ni kazi ya lazima, na asiyefua atazama. Ila nahodha anayewapanga mabaharia wote wafue, asimtume hata mmoja kutafuta tundu, hajui kazi yake.

Mkakati wa tatu ulihusu biashara ya taka. Kwa miaka mingi nchi tajiri zilihesabu kama zimerejeleza plastiki ambayo kwa kweli zilikuwa zimeipakia melini kwenda Asia. China ilipofunga mlango mwanzoni mwa 2018, shehena zikageukia Malaysia, Vietnam na Thailand, na siri ikawa hadharani. Mwaka 2019, kwa pendekezo la Norway, wanachama wa Mkataba wa Basel walikubaliana kwamba taka za plastiki zilizochanganyika au chafu zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza, na kanuni hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Hii ilikuwa hatua ya kweli, na kwa Afrika, ambayo tangu Mkataba wa Bamako wa 1991 ilikuwa imekataa kuwa jalala la taka hatari, ilikuwa haki iliyochelewa. Lakini Basel inaitazama plastiki pale tu inapokuwa taka. Chupa mpya na pakiti mpya zinazoingia bandarini kama bidhaa halali hazimo, hata kama kila mtu anajua zitakuwa taka ndani ya wiki moja. Mtumba wa nguo za nailoni na poliesta unavuka kwa jina la nguo.

Mkakati wa nne unakaribia zaidi swali la Mangi, nao ni kumrudishia mzalishaji deni lake. Ujerumani tangu 2003 hutoza amana ya senti 25 za yuro kwa chupa ya plastiki ya kinywaji, na Norway ina mfumo kama huo wa muda mrefu. Katika nchi hizo zaidi ya chupa 9 kati ya kila 10 hurudi. Wajerumani hawakuzaliwa wasafi kuliko Waswahili. Chupa yao ina pesa ndani yake. Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2019, ulipiga marufuku mirija, sahani na vijiko vya plastiki kuanzia Julai 2021, na ukazitaka nchi wanachama zikusanye asilimia 90 ya chupa za plastiki ifikapo 2029. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zilizofuata, imeanza kumtaka mzalishaji na muagizaji abebe gharama ya kile anachokiingiza sokoni. Dosari ya njia hii ni moja: ikifuatwa na nchi moja moja, kampuni kubwa huishi maisha mawili. Bidhaa hiyo hiyo Ulaya inauzwa katika chupa yenye amana, Afrika inauzwa katika pakiti isiyorudi. Nchi ndogo ikidai zaidi inaambiwa itakimbiwa na wawekezaji. Kanuni inayomfuata mzalishaji inahitaji kuwa na upana ule ule wa soko la mzalishaji, na soko hilo ni la dunia nzima.

Ndiyo maana macho yaligeukia Nairobi. Tarehe 2 Machi 2022, katika makao makuu ya UNEP pale Gigiri, wajumbe wa nchi 175 walipitisha azimio namba 5/14 la kuandaa mkataba wenye nguvu ya kisheria wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Rasimu iliyofungua njia ilikuwa imeletwa na Rwanda na Peru. Maneno mazito zaidi katika azimio hilo yalisema kwamba mkataba utazame maisha yote ya plastiki, maana yake tangu kutengenezwa kwake, wala si tangu kutupwa kwake. Ratiba ilikuwa ya haraka: Uruguay mwaka 2022, Paris na Nairobi 2023, Ottawa na Busan 2024, kazi iishe. Haikuisha. Paris siku mbili za mwanzo zililiwa na ugomvi wa kanuni, hasa kama kura inaweza kupigwa pale maafikiano yanaposhindikana. Saudi Arabia na India zilikuwa miongoni mwa zilizopinga. Busan zaidi ya nchi 100 ziliunga mkono pendekezo la Panama la kuweka lengo la kupunguza uzalishaji, na mjumbe wa Rwanda, Juliet Kabera, akizungumza kwa niaba ya nchi 85, aliwaomba wanaotaka mkataba wenye meno wasimame. Ukumbi ukasimama kwa makofi. Bado hakuna kilichopitishwa. Geneva, Agosti 2025, mbele ya wajumbe wa nchi zaidi ya 180, rasimu moja ya mwenyekiti ilikuja bila ibara ya uzalishaji kabisa, nyingine ikafuata usiku wa manane, na asubuhi watu wakafunga mabegi bila mkataba.

Ugomvi wote huo una kiini kimoja. Plastiki karibu yote hutokana na mafuta na gesi. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba bidhaa za petrokemikali zingechangia zaidi ya theluthi ya ongezeko la mahitaji ya mafuta hadi 2030, na karibu nusu hadi 2050. Kwa nchi inayoishi kwa mafuta, wakati magari yanaanza kutumia umeme, plastiki ni soko la akiba. Saudi Arabia, Iran, Urusi na wenzao walisimamia hoja kwamba mkataba uhusu taka tu, na Marekani ilipofika Geneva nayo ilipinga wazi vikomo vya uzalishaji. Hoja yao, ambayo ndiyo pingamizi la kwanza, inastahili kusikilizwa kabla ya kukataliwa. Wanasema tatizo ni taka zisizosimamiwa, plastiki yenyewe haina kosa. Jenga madampo bora na viwanda vya kurejeleza, uchafuzi utaisha. Kuna ukweli ndani yake. Kiteezi, dampo la Kampala, liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30, na hakuna mpenda mazingira anayeweza kusema miji yetu haihitaji fedha za kusimamia taka. Lakini uchafuzi hauanzii dampo. Meli ya X-Press Pearl ilipoungua na kuzama karibu na Colombo mwaka 2021, fukwe za Sri Lanka zilifunikwa na punje za resini zipatazo tani 1,680, plastiki ambayo haikuwahi kuwa bidhaa, sembuse taka. Na hata tukibaki kwenye taka, hesabu inagoma. OECD iliona kwamba mwendo ukiendelea hivi, taka za plastiki zitakaribia mara tatu ifikapo 2060. Mji ambao leo haujaweza kuzoa mzigo mmoja hauwezi kuahidiwa mitatu kisha ukalaumiwa kwa uchafu.

Ushahidi unaokata kiu zaidi ni ule wa utafiti wa 2020 ulioongozwa na taasisi ya Pew, ulioiweka mikakati mbalimbali kwenye mizani moja. Watafiti walikadiria kwamba tani milioni 11 za plastiki huingia baharini kila mwaka na kwamba zingefikia milioni 29 ifikapo 2040. Ahadi zote za serikali na makampuni zilizokuwapo wakati huo, hata zikitimizwa, zingepunguza kiasi hicho kwa asilimia 7 tu. Urejelezaji peke yake ulishindwa, na kuzoa peke yake kukashindwa. Kilichofika punguzo la asilimia 80 ni mchanganyiko: kupunguza kwanza, kubadilisha maumbo na malighafi, halafu kurejeleza na kuzoa kinachobaki. Kwa hiyo wanaosema tuchague kati ya kuziba tundu na kufua maji wanatuwekea chaguo la uongo. Yote mawili yanatakiwa, na mazungumzo yamekwama kwa sababu upande mmoja unataka moja tu.

Pingamizi la pili linagusa zaidi nyumbani: plastiki ni rafiki wa maskini. Pakiti ya shampuu ya matumizi ya siku moja, mafuta ya kula ya kiasi kidogo, maji salama ya bei ndogo, ule unaoitwa Kenya uchumi wa kadogo, ndivyo familia nyingi zinavyomudu maisha. Tena bomba la sindano na mfuko wa damu hospitalini ni plastiki. La hospitali lina jibu fupi: hakuna anayedai lipigwe marufuku, na kwa hesabu ya OECD asilimia 40 ya taka za plastiki ni vifungashio, vitu vilivyodumu mkononi muda wa kuvifungua tu. La kadogo linahitaji jibu refu kidogo. Anachohitaji mwenye kipato kidogo ni kununua kiasi kidogo. Pakiti ni njia moja tu ya kumuuzia hicho kidogo. Kabla ya pakiti kulikuwa na mafuta ya kupima, na bado yapo: mteja anakuja na kichupa chake, mwenye duka anachota kwa kipimo. Nairobi mtu anakwenda na chupa yake kwenye ATM ya maziwa na kupata ya shilingi chache kadiri ya mfuko wake. Mara nyingi kidogo cha kupima huwa nafuu kuliko kidogo cha pakiti, kwa kuwa hununui pakiti yenyewe. Mkataba unaoweka viwango vya usafi wa kujaza upya, na kuitoza pakiti gharama yake halisi, haumwondolei maskini kadogo chake.

Pingamizi la tatu ni la maendeleo: nchi zilizoendelea zilijitajirisha kwa viwanda, sasa zinatuambia tusizalishe. Lingekuwa zito kama Afrika Mashariki ingekuwa mzalishaji wa resini. Kwa sasa sisi ni wanunuzi na wapokeaji. Mwaka 2020 chama cha makampuni ya kemikali ya Marekani, American Chemistry Council, kiliiandikia serikali yao kuhusu mazungumzo ya biashara na Kenya, kikiona Kenya inaweza kuwa lango la kupeleka kemikali na plastiki za Marekani barani Afrika, na kikitaka mkataba uzuie vikwazo juu ya biashara hiyo. Chama hicho kilikanusha kwamba kilitaka kuvunja marufuku ya mifuko. Hata tukikubali kanusho hilo, barua inaonyesha ramani ilivyochorwa: uzalishaji kwao, soko kwetu. Katika ramani hiyo kikomo cha uzalishaji hakimnyang'anyi kijana wa Kariakoo kazi. Kinampa nafasi fundi wa vikapu, mwosha chupa na mrejelezaji ambaye leo anauawa na resini rahisi. Wanaostahili kulindwa kwanza ni waokota makopo. Mkataba ukiwasahau, ukusanyaji utachukuliwa na makampuni yenye magari, na waliofanya kazi hii bila mshahara watafukuzwa siku ambayo imeanza kulipa.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote: mkataba bila wazalishaji wakubwa utakuwa karatasi. Hapa historia ina la kusema. Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni ilitiwa saini Septemba 1987 na nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya. Leo wanachama ni 198, na tabaka la ozoni linapona. Mambo mawili yaliwavuta waliobaki nje. Moja ni ibara ya 4, iliyowakataza wanachama kufanya biashara ya kemikali zilizodhibitiwa na nchi zisizo wanachama, hivyo kubaki nje kukawa ghali. La pili ni mfuko wa fedha ulioanza kazi 1991, ulioziwezesha nchi zinazoendelea kubadilisha viwanda vyao, pamoja na muda wa nyongeza wa miaka 10. Itifaki hiyo iliendelea kukua, na marekebisho yake ya 2016 yalipitishwa Kigali. Ni kweli kemikali za ozoni zilitengenezwa na makampuni machache na mbadala wake ulikuwa karibu, wakati plastiki ina wazalishaji wengi na matumizi elfu. Lakini tofauti hiyo inatufundisha namna ya kupanga kazi tu. Anza na orodha fupi ya bidhaa na kemikali zisizo za lazima, weka lengo la jumla la uzalishaji linalopitiwa kila baada ya miaka kadhaa, panua orodha kadiri mbadala unavyopatikana. Montreal yenyewe ilianza na kemikali chache, ikaongeza.

Hukumu basi ni hii. Maafikiano ya wote yameshageuka kufuli, na ufunguo wake uko mikononi mwa wanaouza kilichomo ghalani. Nchi zaidi ya 100 zilizounga mkono kupunguza uzalishaji kule Busan ni nyingi mara nne kuliko zile 24 za Montreal. Zinaweza kudai kura, na kura ikizuiwa zinaweza kukubaliana zenyewe, zikiwa na ibara ya biashara, mfuko wa fedha na kanuni ya pamoja ya kumdai mzalishaji, mlango ukiwa wazi kwa watakaokuja baadaye. Afrika Mashariki ina sababu ya kuwa mstari wa mbele, kwa kuwa azimio lilizaliwa Nairobi, Rwanda inaongoza pamoja na Norway muungano wa nchi zenye msimamo mkali, na marufuku za Nairobi, Dodoma na Zanzibar zimeonyesha kwamba watu wetu hufuata sheria iliyo wazi. Kabla ya kwenda tena kwenye meza ya dunia, Jumuiya ya Afrika Mashariki imalize kwanza ya nyumbani: sheria moja ya polithini, amana moja kwa kila chupa ya plastiki inayouzwa toka Mombasa hadi Bujumbura, ili Busia isiwe tena kichochoro. Jambo hilo halihitaji ridhaa ya Riyadh wala Washington. Linahitaji mawaziri wa nchi zetu waulize kila mwenye kiwanda na kila muagizaji swali ambalo Mangi huwauliza wateja wake kila siku: chupa iko wapi?